Kadi Mama Iliyopakwa Mafuta

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Nasimama mbele yenu nikiwa nimeokolewa, ila kichwa bado kimechanganyikiwa. Nitaeleza kwa utaratibu kadiri ninavyoweza.

Kompyuta sikusomea darasani. Nilijifunza peke yangu, kwa vitabu vya Kifaransa na bisibisi. Mama Furaha, mjane mnayemwona pale mbele, alikuwa akiwapigia watu barua kwa mashini ya zamani ya chapa. Mimi ndiye niliyemshauri auze mashini ile anunue kompyuta. Akaniamini. Kisha kadi mama ikaungua, yaani ile sahani ya ndani inayobeba vipande vyote, na watoto wake wakabaki wakinitazama mimi.

Nikaanza kutafuta kadi mpya ya kampuni ya kuaminika. Ndugu zangu, nilipotea! Fundi mmoja alisifu jina fulani. Wa pili akaliita takataka. Niliona kadi mbili za jina moja zisizofanana hata rangi, na moja nzuri isiyo na jina kabisa. Nilifunga, nikaomba. Mwishowe nikalikataa lile jina lililoitwa takataka, nikanunua, kule Bunagana mpakani, jina lililosifiwa na wengi.

Wamama wa kikundi chetu cha maombi wakataka kuiombea kwanza, kama tunavyoombea nyumba na gari. Nilisema, "Tone moja tu la mafuta, Mama." Likawa tone la imani kubwa! Nikaifunga kadi mahali pake, nikawasha. Kimya.

Je, ni mafuta? Ni kadi yenyewe? Ni umeme wetu wa Goma, unaopanda na kushuka? Sikujua. Na risiti ilisema: kilichouzwa hakirudishwi.

Mama Furaha akaniambia, "Papa Yosefu, rudi tu. Mutu hafukuzwi mbele ya kupiga hodi."

Nikapanda gari, nikapita Rutshuru nikiomba njia nzima. Muuzaji wa Bunagana akaishika kadi, akanusa vidole.

"Papa, hii mulikaangia samaki sambaza?"

"Tuliiombea."

"Na Mungu alijibu nini?"

"Alijibu nikurudishie."

Akacheka mpaka akaketi. Akaifuta, akaijaribu, ikakataa. Kisha akaniletea nyingine, ya jina lile lile nililolikataa kwa hoja zangu zote! "Chukua, papa. Ikikufa, rudisha nayo."

Ndugu zangu, kadi ile inafanya kazi mpaka leo, na Mama Furaha anapiga barua! Wamama walipokuja tena na chupa, aliwaambia, "Safari hii mupake sanduku ya kompyuta, kwa inje!"

Mkiniuliza jina gani ni la kuaminika, sijui. Nimerudi kwenye vitabu vyangu, sioni sababu. Ninalojua ni kwamba mtu yule hakulazimika. Pengine sisi ndio tuliokiharibu kitu chake, naye akafungua mkono. Nani aliulainisha moyo wake? Asante, Bwana!

Na wewe unayeogopa kumrudia Mungu kwa sababu umeharibika mikononi mwako mwenyewe, usingoje kwanza ujifute. Nenda hivyo hivyo, na mafuta yako. Atakupokea.