Wati Ngapi Hazimwamshi Pak Haji

Kibanda cha kahawa cha Bi Entin kipo pale uchochoro wetu unapokata kona, nyuma ya soko la Kosambi, na mbele yake kuna benchi refu ambalo mguu wake mmoja umeinuliwa kwa tofali. Mvua ya mchana ilikuwa imekatika, bala-bala, zile bajia za mboga na unga, zilikuwa zinatoka kwenye mafuta, na wenye benchi tulikuwepo: Mang Fyuzi, fundi umeme ambaye nyumba anazozitengeneza huzima kwanza ndipo ziwake, Kang Sikio, aliyewabebea wanamuziki vyombo ujanani mpaka sikio lake la kushoto likagoma, na mimi Ohim, mshona viatu, mtu wa kusikiliza zaidi ya kusema, ingawa wenzangu watakataa. Katikati yetu alikaa Dadan. Huyu anaishi ukweni, kwa baba wa mkewe, Pak Haji Mumu, na kati ya chumba chake na cha mzee kuna ukuta mmoja mwembamba. Tangu aoe, gitaa lake la umeme analipiga bila kulichomeka popote, kwa hiyo analisikia yeye tu, tena kama mbu. Sasa bendi moja ya harusi inatafuta mpiga gitaa, majaribio ni keshokutwa, na huko gitaa litalia kwelikweli. Nafasi hiyo anaitaka mpaka usiku halali, ila lazima kwanza aizoee sauti yenyewe. Ndiyo maana anatafuta amplifaya ndogo ya vali, zile taa za kioo zinazowaka ndani kama za redio za zamani, yenye wati chache asije akamwamsha mzee. Kosa lake lilikuwa moja, kutuuliza sisi.

— Wati moja, alisema Mang Fyuzi kabla hajaulizwa vizuri. Usijisumbue, Dan. Wati moja.

— Kwa nini moja, Mang?

— Kwa sababu umeme wa Pak Haji ni wa wati mia tisa, nyumba nzima. Sufuria ya wali ya umeme ikiwaka, pampu ya maji ikiwaka, mama mkwe naye achomeke pasi, swichi kuu inaruka. Sasa wewe uongeze amplifaya ya wati kumi na tano hapo juu. Giza totoro, na mzee yuko bafuni ana sabuni usoni. Atauliza nani kaleta giza.

— Lakini mimi nauliza sauti, Mang. Siulizi umeme.

— Ni kitu kilekile. Balbu ya chooni kwangu ni wati tano. Umewahi kuisikia?

Dadan akafikiri. Ukweli ni kwamba hakuna kati yetu aliyewahi kuisikia balbu ya choo cha Mang Fyuzi, na kwa muda hoja yake ikaonekana nzito. Kang Sikio akageuza kichwa, akatuletea sikio lake zima.

— Nani kasema wati tano hazisikiki?

— Mimi, alisema Mang Fyuzi.

— Basi hujui unachosema. Wati ya vali si wati ya balbu. Ni wati iliyoshiba. Nimebeba amplifaya ya wati tano mimi, ndogo, unaikumbatia kama mtoto mchanga. Tukaiwasha hotelini kule Lembang, jamaa akagusa uzi mmoja tu. Wahudumu walikuja mbio kuuliza gari limegonga wapi.

— Wati tano hizohizo?

— Hizohizo. Unadhani sikio hili lilikufaje?

— Ulituambia ni fataki za Lebaran, za Idi, alisema Bi Entin huku anageuza bala-bala.

— Fataki zilimalizia tu, Bi.

Dadan alikuwa ameshika glasi ya kahawa bila kuinywa. Unga wa kahawa ulikuwa umetulia chini, naye anautazama kama vile jibu limo humo.

— Kwa hiyo, Kang, ninunue ya wati moja, nisiifungue sauti sana?

— Hapana. Ya wati moja, uifungue yote.

— Yote?

— Mpaka mwisho. Vali isiposukumwa haiimbi, inanung'unika tu. Utamu wake unatoka pale inapoelemewa.

— Na ikielemewa inakuwa kimya?

— Kimya cha wapi? Pak Haji atashuka kitandani na kilemba mkononi.

— Ngojeni kwanza, alisema Bi Entin, akaweka mwiko chini. Kwa nini asinunue kubwa, halafu apunguze sauti?

— Kubwa ukiipunguza inalala, Bi, alisema Kang Sikio. Ndiyo maana watu wananunua ndogo, ili waweze kuifungua yote.

— Wakiifungua yote inapiga kelele.

— Inapiga.

— Kwa hiyo ananunua ndogo ili isipige kelele, halafu anaifungua yote ili ipige kelele.

— Sasa umeelewa.

Bi Entin alisema hajaelewa kitu. Mimi nilikuwa njiani kuelewa, lakini Sikio aliposema Bi Entin ameelewa, nikapotea. Hapo ningenyamaza, ila mtu hawezi kukaa kwenye benchi milele bila mchango.

— Nimesikia zipo za nusu wati, nikasema.

— Nusu? Mang Fyuzi akanigeukia. Nusu inapitaje kwenye waya, Him?

— Inapita polepole.

— Hilo linawezekana, alisema, akakuna kidevu. Tena kama nusu ipo, robo ipo. Na robo ukiipata, unaikata tena. Unakata, unakata, mwisho unabaki na amplifaya isiyo na wati hata chembe. Hiyo, Dan, ndiyo amplifaya ya kuishi nayo ukweni.

— Mang, hiyo ninayo. Ndiyo ninayotumia mpaka leo.

— Unaona? Umeshachagua vizuri bila kumuuliza mtu.

Nilitaka kucheka, lakini Dadan hakucheka, nami nikaumeza mcheko wangu pamoja na kipande cha bala-bala. Kang Sikio alikuwa tayari ameinua mkono, na akiinua mkono huwa haushushi mpaka amalize.

— Mnahangaika na wati bure. Shida ni njia ya sauti. Spika inatupa sauti mbele, sawa? Sasa nunua amplifaya mbili, Dan. Ziweke zitazamane. Sauti ya hii inakuja, sauti ya ile inakuja, zinagongana, zinafia hapo katikati. Ukutani hakifiki kitu.

— Na mimi ninakaa wapi?

— Katikati. Si wewe unayetaka kusikia?

— Ila zimeshakufa, Kang.

— Unazisikia zikifa.

— Mbili ni umeme mara mbili, Mang Fyuzi akadakia. Swichi kuu inaruka mara mbili. Sikiliza, Dan, dawa ipo jikoni kwenu. Lile pipa la mchele la mama mkwe. Itumbukize mle, ufukie mpaka juu.

— Niifukie kwenye mchele?

— Simu yako ikilowa unaitia wapi?

— Kwenye mchele.

— Kwa nini?

— Mchele unavuta maji.

— Basi. Kinachovuta maji kitashindwa kuvuta sauti? Sauti ni nyepesi kuliko maji.

— Vali zinachemka, Mang, alisema Dadan. Zinaunguza vidole. Mchele si utaiva humo?

Mang Fyuzi akasema kwamba hiyo ni faida ya ziada. Kang Sikio akapinga kwamba mchele utaikaba vali koo, na vali ikikabwa inalia kwa pua. Mang Fyuzi akataka kujua ni lini Sikio alisikia mchele ukikaba kitu. Wakaanza kubishana aina ya mchele, huu wa Cianjur wenye harufu au ule wa msaada wa serikali, na Bi Entin, ambaye dakika chache kabla alikuwa mtu mwenye akili zake, akasema kama ni hivyo bora mchele mwekundu kwa sababu ni mgumu.

— Jamani.

Dadan alisema hivyo kwa sauti ya chini, tukamgeukia sote.

— Jamani, ni keshokutwa. Mkono unajua, sikatai. Vidole vinajua pa kwenda. Ila vikifika, sijui vinasema nini. Ninapiga na shuka juu ya kichwa kama mwizi. Nitasimama mbele ya watu wale, lile dude liwashwe, halafu nisikie nini?

Nilimwonea huruma. Ni kijana mpole, na mpole anapoumia hujui umshike wapi.

— Umeshamwomba mzee? aliuliza Bi Entin. Umwambie tu, Abah, naomba nusu saa kila jioni.

— Nimwombe kelele, Bi? Nyumba ni yake, paa ni lake, wali ni wake. Kikombe nikikitua mezani nakitua kwanza kwa kidole, ndipo nikiachie. Niende nikamwombe kelele?

Sisi sote tumeoa, na Mang Fyuzi mwenyewe aliishi ukweni miaka mingi, na nadhani uongeaji wake wote wa sasa ni madeni ya kipindi kile. Ndipo pikipiki ikasimama kwenye kona, akashuka dada mmoja amevaa koti la mvua, akavua helmeti na kuining'iniza kwenye kioo. Alitusalimu vizuri, mmoja mmoja, akaagiza kahawa isiyo na sukari. Akajitaja kuwa ni Wulan, kwetu tunasema Teh, yaani dada, mwimbaji na mkuu wa bendi ileile ya harusi.

Glasi ya Dadan ikagonga benchi.

— Samahani Bi, samahani Mang, Kang, alisema Teh Wulan. Kuna mtu anaitwa Dadan, anakaa kwa Pak Haji Mumu. Binamu yake ndiye aliyeniambia habari zake, mimi mwenyewe sijamwona hata sura. Nimepita kuulizia tu.

Kwetu ndivyo inavyofanyika. Ukitaka kumposa binti, kumpangisha mtu chumba au kumpa kazi, huendi nyumbani kwake kumuuliza yeye, maana atajisifu. Unakwenda kwenye kahawa iliyo karibu na mlango wake. Na mwenye kuulizwa habari zake, hata kama amekaa palepale, hajisemei. Anatazama barabarani, wengine wanasema kwa niaba yake, na kumnyooshea kidole ni utovu wa adabu. Mang Fyuzi alikuwa ameshaanza kuinua kidole, Bi Entin akamkanyaga. Dadan akatazama barabarani.

— Tunamjua sana, alisema Bi Entin. Mtoto mzuri yule.

— Ana adabu?

— Ukweni hata kikombe hakisikiki.

— Anashika muda?

— Kwenye zamu ya ulinzi wa mtaa yeye ndiye anayetuamsha sisi, nikasema, na hilo ni kweli tupu.

— Mlevi? Mgomvi?

— Hapana, Teh, alisema Kang Sikio. Hata fataki hapigi.

Teh Wulan alitabasamu. Niliona tunakwenda vizuri. Kila tulichosema kilikuwa kweli, na masikio ya Dadan yalikuwa yamekuwa mekundu kwa furaha huku macho yake yakihesabu mabaki ya mvua kwenye lami.

— Nashukuru. Nina kijana mwingine wa Cimahi ananisubiri, na studio tumelipia saa moja tu, sitaki kuwasumbua watu wawili bure. Basi niambieni hili moja. Anapiga vizuri?

Bi Entin akarudi kwenye bala-bala zake. Mang Fyuzi akamtazama Kang Sikio, Kang Sikio akaligeuza sikio lake bovu upande wa Teh Wulan, makusudi. Mimi ukuta wangu unashikana na wa Pak Haji kwa upande wa pili. Nikatafuta kichwani jioni moja, uzi mmoja, sauti yoyote. Sikupata kitu. Tangu mvua ikatike tumekata wati za mtu huyu, tumezifukia, tumezigonganisha, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumsikia akipiga.

— Si ninyi majirani zake? aliuliza Teh Wulan.

— Ni sisi, Teh, nikasema.

— Na wewe, Kang? Alikuwa anamwuliza Dadan, maana Kang ni kaka yeyote. Wewe pia unakaa humu?

— Ndiyo, Teh.

— Hujawahi kumsikia?

Dadan akarudisha macho barabarani.

— Bado, Teh.

Teh Wulan alimaliza kahawa yake polepole, akalipa, akatuaga kwa heshima ileile. Alikuwa amekwisha kuvaa helmeti aliposema, bila ubaya wowote, kwamba mpiga gitaa asiyesikika hata na watu wa ukuta mmoja labda hapigi. Kisha akaisukuma pikipiki kuigeuza, maana uchochoro wetu ni mwembamba.

— Dan, simama, alisema Bi Entin. Mkimbilie. Bado hajawasha.

— Nikamwambie nini, Bi?

— Ulichoulizwa. Kwamba unapiga vizuri.

Dadan akasimama, miguu yake ikabaki palepale. Akamtazama Bi Entin, akamtazama Mang Fyuzi, Kang Sikio, akamalizia na mimi wa ukuta mmoja.

— Napiga vizuri? akatuuliza.