Wasifu wa Bwana Gramu, Pamoja na Aya Ambayo Wanawe Hawakuitaka

Naombeni tukae. Ninayesoma ni dada yake mdogo, wa mwisho kuzaliwa na wa mwisho kubaki. Watoto wake walinikabidhi karatasi yao niisome, imeandikwa kwamba baba yao "aliuguzwa kwa upendo mkubwa hadi dakika ya mwisho". Niliisoma mara mbili, nikaiweka pembeni, nikaandika yangu usiku wa kuamkia leo na kuipeleka mwenyewe kwa mchapaji alfajiri. Hiyo ndiyo iliyomo kwenye ratiba mliyoishika. Mwenye neno aje kwangu, asimsumbue mchapaji.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Julai 1942, mtoto wa tatu kati ya sita. Baba yetu alikuwa mwashi na mama mshonaji. Alizaliwa kabla ya siku zake, mdogo mno, mkunga akampima kwenye mizani ya duka la jirani kwa kuwa hapakuwa na nyingine. Mama alipenda kusema kwamba hapo ndipo mizani ilipomwingia kichwani. Mama naye alijua kutia chumvi.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1950 hadi 1957, kisha chuo cha ufundi kwa miaka miwili. Darasa la sita alirudishwa nyumbani kwa sababu alimwonyesha mwalimu wa hesabu kosa lake ubaoni, tena mbele ya mkaguzi. Baba alimwambia aombe radhi. Aliomba radhi kwa kusema mbele ya mkaguzi, si kwa kusema.

Mwaka 1962 aliajiriwa ofisi ya vipimo akiwa mkaguzi wa mizani, na huko alikaa miaka thelathini na mitano. Alitembea duka hadi duka na sanduku la mawe ya shaba ya kupimia, na wenye maduka wakambandika jina la Bwana Gramu. Msidhani lilikuwa jina la mapenzi. Hata soda hakuwahi kunywa kwa mtu ambaye angemkagua mizani. Alikuwa mkali, mbishi, na ukimwalika chakula alikueleza kasoro ya chumvi. Nilimpenda sana.

Tarehe 20 Aprili 1968 alimwoa mkewe, muuguzi wa wodi ya wazazi. Baba wa bibi harusi alikuwa na duka la nafaka, na miezi mitatu kabla ya uchumba marehemu alikuwa ameifungia mizani yake kwa kosa la gramu arobaini. Aliporudi akiwa na shati jipya na wazee wawili, mzee wa watu alijua amekuja kuchukua na ile mizani ya pili. Wifi yangu ameishi naye miaka hamsini na sita. Walijaliwa watoto wawili, mkubwa mhandisi wa barabara, na binti mfamasia.

Sasa ugonjwa. Agosti 2021 marehemu alipata kiharusi, mguu wa kushoto na mkono wake vikalegea. Wifi wakati huo macho yalikuwa yamekwisha kufifia. Oktoba wakapata mhudumu wa nyumbani, mama wa makamo, aliyekuja asubuhi tatu kwa wiki. Aliinua kiti cha marehemu kwa vipande vya mbao ili aweze kusimama mwenyewe. Alipaka rangi nyekundu ya kucha kwenye vitufe vya jiko ili wifi avitambue. Akawagawia kazi: mzee anasoma karatasi za dawa na kukatakata mboga akiwa amekaa, bibi anabeba na kupika. Jumatano mzee anatembea hadi duka la kona, mhudumu nyuma yake hatua mbili, mikono ameifunga mgongoni. Huko kaka yangu aligombana na mwenye duka kuhusu mizani, akarudi amechangamka. Waliishi hivyo miaka miwili, wao wawili nyumbani kwao, na walikuwa wakicheka.

Novemba 2023 watoto walifika bila taarifa. Walimkuta baba anahangaika na vifungo vya shati, na mhudumu amekaa kando, mikono mapajani, anamtazama. Dakika ishirini kwa vifungo sita. Binti akamuuliza analipwa kwa kukaa? Yule mama akajibu taratibu, "Nikimfungia leo, kesho hataweza tena." Wakamwona mvivu mwenye mdomo. Wakasema pia watu watawasengenya, kwamba wamesomeshwa na sasa wanaacha wazee wakate mboga.

Kikaitwa kikao cha familia. Kaka yangu alisema neno moja: "Mwacheni. Humu ndani ni yeye tu anayenichukulia kama mtu mzima." Hawakumsikiliza. Mhudumu akafukuzwa tarehe 9. Mama yao akapelekwa kwa mwanawe mkubwa "akapumzike", pamoja na kitanda chake, na baba yao akaletewa msaidizi wa kulala humo humo, aliyeamriwa asimwache anyanyue hata kijiko. Msaidizi huyo, binti wa watu, alifanya alichoamriwa, simlaumu. Mimi nilikuwepo kwenye kikao hicho. Nilijua hawako sahihi, nikanyamaza kwa sababu mwanaye mkubwa ndiye anayenipeleka hospitali. Hilo nalo liandikwe.

Alilishwa, akaogeshwa, akavishwa. Kufikia Februari hakuweza kusimama. Machi alipata vidonda vya mgongoni. Alimuuliza msaidizi kila asubuhi mke wake yuko wapi, na mke wake, kilomita kumi na nane kutoka hapo, alikalishwa sebuleni mbele ya televisheni asiyoiona. Mei mapafu yakajaa. Marehemu alifariki Jumatatu tarehe 3 Juni 2024, saa nne asubuhi, wodini, bila mkewe kuwa kando yake, kwa kuwa walisema safari itamchosha.

Watoto hawa hawakuwa na nia mbaya. Nimeambiwa hivyo wiki nzima, nami nimechoka kuambiwa. Nia yenu nzuri ilimlaza kitandani.

Jana jioni mwanaye mkubwa alitangaza kwamba tukitoka hapa mama yake atarudi naye moja kwa moja, na nyumba ya wazee itafungwa. Wifi alinishika mkono, akanivuta chumbani. Hakulia. Aliniambia hivi: "Mimi nikisema, wanasema nimechanganyikiwa kwa msiba. Andika wewe, usome mbele ya watu. Wakishasikia watu wote, hawatanihamisha tena."

Basi sikilizeni wote, majirani, wafanyakazi wenzake wa zamani, na nyinyi wenye maduka mliokuja kuhakikisha kama kweli amekwenda. Marehemu ameacha dada mmoja, watoto wawili, wajukuu watano, na mjane. Mjane anaishi nyumbani kwake. Mhudumu wake, yule yule aliyefukuzwa, amesimama pale nyuma, amevaa kilemba cha buluu, na ataanza kazi keshokutwa Jumatatu saa mbili asubuhi. Nimeshaongea naye.

Kaka yangu alale salama. Kitanda cha mkewe kirudishwe leo, kabla watu hawajatawanyika.