Fundi Nafasi na Dakika Nane za Kioo

Ijumaa tarehe 30 Juni, saa kumi jioni, Fundi Nafasi anastaafu baada ya kuitumikia maabara yetu ya mwanga kwa miaka thelathini na moja na miezi minne. Kwa hesabu ya mkewe, ambaye ndiye aliyeyafua, hayo ni makoti meupe kumi na tisa.

Alianza kazi akiosha vyombo vya kioo. Kilichompandisha hadi ufundi mkuu ni mikono isiyotetemeka na ubishi usio na mfano. Pampu ya mashine yetu ya kupaka utando ilipogoma, mafundi wa nje walikuja na mabegi yao, wakakuna vichwa, wakaondoka. Yeye akatega sikio kwenye bomba, akasema ni mpira tu umechoka. Kweli, mpira ulikuwa umechoka.

Jina la Nafasi alijitafutia mwenyewe. Watafiti wawili wakianza kubishana chumba cha chai, alivuta kiti, akaketi katikati yao kuweka nafasi, na kuomba sukari. Ugomvi uliishia hapo, maana nani atagombana huku anapitisha sukari?

Halafu kuna daftari la mashine. Jamani, daftari lile! Kufuta ilikuwa mwiko. Ukikosea, unapiga mstari mmoja ili kosa lisomeke, unaandika lililo sahihi, unaweka tarehe na jina. Aliyekutwa na kifutio alipewa somo mpaka akome. Mimi, siku yangu ya kwanza, nikiwa nimeacha mtoto wa miezi saba nyumbani na usingizi umenijaa machoni, aliniita "binti yangu", akaninyang'anya penseli na kunipa kalamu ya wino.

Kwa wageni wetu: kazi yetu ni kufanya nusukipitishi, yaani vile vipande vinavyotoa mwanga ndani ya taa ndogo za simu na runinga, ving'ae zaidi. Tunavipaka chembe za fedha, ile fedha ya pete na si ya mfukoni, kwa hiyo tulieni. Ni ndogo mno. Elfu moja zikijipanga mstari hazivuki unene wa unywele. Vitabu vilituambia chembe hizo zitaukusanya mwanga na kuusukuma nje. Kwetu zilifanya kinyume. Kwa miaka mitatu, vipande tulivyovipaka vilififia kuliko vile tulivyoviacha.

Mkurugenzi wa wakati huo akachoka. Alitupa miezi miwili, la sivyo mradi ungefungwa. Mimi nilikuwa nimeshaharibu vipande mara mbili, naye alishaniambia wazi kwamba nikiharibu tena nifungashe virago.

Kabla ya fedha, tulikuwa tunakipaka kipande utando mwembamba wa kioo kwa dakika nne. Asubuhi moja niliiwasha mashine, mara simu ikalia. Ni dada yangu, homa ya mtoto imepanda. Nikatoka koridoni kumsikiliza, nikasahau kila kitu. Niliporudi, dakika nane zilikuwa zimepita na Fundi amesimama mbele ya saa. Aliiangalia, akaniangalia, akaniambia niende kwa mwanangu, kipande atakimalizia yeye.

Hakukitupa. Alikipaka fedha kama kawaida, na daftarini akaandika: "Kioo dakika nane badala ya nne. Kosa letu."

Kipande kile kiling'aa mara tisa zaidi ya kisichopakwa. Mkurugenzi alidhani kipimo kimeharibika, akaamuru kirudiwe mara tatu. Tisa, tisa, tisa! Daftari likafunguliwa, na hapo ndipo tulipoelewa kwamba fedha ikikikaribia mno kipande huumeza mwanga, lakini utando wa kioo ukinenepa kidogo tu, fedha hupata nafasi na kuusukuma nje. Nafasi, tena! Tulicheka mpaka machozi. Bila ile nane kuandikwa, tungekisahau kipande hicho kama bahati ya siku moja, na mradi ungekufa.

Mkurugenzi akauliza hilo "letu" ni la akina nani. Fundi akamjibu kwamba mashine iko chini yake, kwa hiyo la kuulizwa aulizwe yeye, kisha akaomba sukari. Mimi nilikuwa nimekaa ng'ambo ya meza. Nilinyamaza, na nimeona aibu tangu siku hiyo.

Imepita miaka kumi na miwili. Fundi amefundisha mafundi kumi na mmoja, na wote wanaandika kwa wino. Mwanangu yule wa homa sasa anavaa viatu vikubwa kuliko vya Fundi. Mimi nimekuwa mkuu wa kitengo, na kila nilipotaka kuligusia jambo hili, yeye alivuta kiti.

Basi safari hii hakuna kiti. Jumatatu nimelifungua daftari lile, ukurasa wa 212. Nimepiga mstari mmoja juu ya neno "letu", linasomeka vizuri, na pembeni nimeandika "langu". Tarehe nimeweka, na jina nimeweka.

Fundi, ulinipa nafasi wakati sikustahili hata dakika. Asante sana, kutoka moyoni. Sote tunakutakia afya, mapumziko marefu na majirani wabishi wa kukupitishia sukari. Daftari lipo ukumbini, kando ya keki. Tafadhali lipitie kabla hujaondoka, uone kama nimelisahihisha ulivyonifundisha.