Mama Povu na Fuwele Zilizokataa Kuwa Chumvi

Baada ya miaka thelathini na moja katika maabara yetu ya protini, mkuu wa chumba cha fuwele anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Sisi tunamwita Mama Povu. Jina hilo alilipata kwa ukali wake: ukitikisa kichupa cha protini yenye sabuni hadi kitoe povu, ambalo huiharibu, sauti yake itakufuata hata ukijificha chooni.

Aliingia hapa akiwa mkemia kijana, mjamzito wa kifungua mimba wake, akapewa kazi ambayo wengi walikuwa wameikimbia: kukuza fuwele za protini inayokaa kwenye ukuta wa bakteria, ile inayozitema dawa nje kabla hazijafanya kazi. Bila fuwele hatuoni umbo lake. Bila umbo, tunapigana na adui tusiyemjua sura.

Ili protini hiyo itoke ukutani lazima ivishwe sabuni, nayo sabuni huizunguka kama koti nene. Protini zenye makoti hazigusani, na zisipogusana hazijipangi. Miaka ikapita, matone tunamokuzia fuwele yakabaki matupu. Mkuu wa idara, ambaye kuchoka ilikuwa haki yake, akatangaza kwamba mradi ungefungwa mwisho wa mwaka.

Mama Povu akaomba nafasi ya mwisho. Alitaka kuchanganya sabuni na kemikali ndogo sana zenye ncha mbili, moja hupenda maji, nyingine hupenda mafuta, ambazo hujipenyeza ndani ya koti na kulipunguza unene. Za dukani hazikuwa safi, akatengeneza zake mwenyewe. Mara ya kwanza alizidisha, protini ikakatika kama maziwa. Alikaa kwenye ngazi akalia, kisha akapangusa uso na kurudi kupunguza kipimo.

Asubuhi moja ukelele wake ulijaa korido nzima. Mlinzi alikuja mbio na mtungi wa kuzimia moto, akavutwa mkono hadi kwenye hadubini.

"Mzee wangu, hebu tazama! Unaona nini?"

"Mama, mbona mimi naona chumvi tu?"

Tukapokezana hadubini. Chumvi nayo hutoa fuwele za kupendeza, na ilishawahi kutuaibisha. Njia ya haraka ya kujua ilikuwa kuharibu. Mama Povu akachukua sindano nyembamba, akashusha pumzi, akaichoma ile kubwa kuliko zote. Chumvi ingegoma, kisha ingepasuka. Hii ilimomonyoka taratibu kama kipande cha sabuni kilicholowa. Protini! Wa kwanza kupiga makofi alikuwa mkuu wa idara mwenyewe.

Fuwele zilizosalia zilipopigwa eksirei, umbo lote likajitokeza: mlango, njia, hadi mfuko unaoinasa dawa. Mradi haukufungwa. Leo maabara za mbali huomba kemikali zake ndogo, na dawa ya kuuziba mlango ule imeanza kujaribiwa.

Mumewe, fundi cherehani, ametusihi tusimpigie simu mkewe kabla ya saa nne asubuhi. Hatuahidi.

Asante, Mama Povu, kwa jasho lako, kwa ukali wako, na kwa kukataa kushindwa hata sisi tulipokuwa tumeshakubali. Nenda kapumzike, dada yetu, kifua mbele. Mungu akujalie afya, siku ndefu, na wajukuu watundu kukushinda.