Uzi Mweupe wa Mama Euphrasie

Hakuwa na frigo. Hakuwa na mizani ya kupimia chakula. Hakuwa na Kifaransa, zaidi ya "bonjour" na "merci". Hakuwa na cheti cha shule, maana masista walimfundisha kusoma na kuandika Kiswahili miaka mitatu tu, halafu akaolewa. Hakuwa na ruhusa ya kupita mlango wa mbele wa kliniki ya wazungu. Hakuwa na mtu mkubwa wa kumsemea. Hata gundi ya kufungia bahasha hakuwa nayo.

Wasikilizaji wapendwa, huyo ni Mama Euphrasie Kalume. Tulimzika juma lililopita, hapa Kindu, upande wa Mikelenge. Alikuwa na miaka tisini na miwili. Leo tunamkumbuka, na nawaomba mniwie radhi tangu sasa kama sauti yangu itapanda. Kuna mambo ambayo mtu hawezi kuyasimulia kwa sauti ya kubembeleza mtoto.

Turudi mwaka 1955. Euphrasie alikuwa na miaka ishirini na saba. Mume wake, Isidore Kalume, alikuwa karani wa ghala la mpunga, karibu na stesheni. Walikuwa na binti mmoja mdogo, Claire. Nyumbani aliishi pia Adèle, mdogo wake Euphrasie, msichana wa miaka kumi na minne. Adèle yuko hai. Alikuja hapa studio juzi, na mengi mtakayosikia ametupa yeye.

Mwezi wa tatu, Isidore alishikwa na kiu. Si kiu ya jua. Alikunywa ndoo ya maji tangu asubuhi mpaka saa sita. Wabebaji wa ghala wakamcheka.

"Karani, wachia Lualaba maji kidogo, mashua ipite."

Yeye pia alicheka. Lakini suruali ilikuwa inamvuka kiunoni, na macho yalikuwa yanaona ukungu juu ya madaftari. Mama mkwe wake alisema ni ulozi. Jirani mmoja alisema ni sumu ya kazini. Euphrasie alimshika mumewe mkono, akampeleka hospitali ya weusi, kwa muuguzi aliyeitwa Onema.

Onema alichukua mkojo wa Isidore, akadondosha matone manane katika dawa ya buluu ndani ya kichupa chembamba, akachemsha juu ya taa ya spiriti. Dawa ikageuka kijani. Ikageuka njano. Ikatulia kwenye wekundu wa tofali.

"Mama," alisema Onema, "bwana yako iko na sukari mu damu. Si ulozi, si sumu. Njo ugonjwa, iko na jina."

"Unapona?"

"Haiponi. Inachungwa. Kama mbuzi mukali."

Daktari mzungu alithibitisha, akaandika dawa: sindano ya insulini, kila asubuhi. Kila asubuhi, wasikilizaji. Mkumbuke hilo, maana kesi yote iko hapo.

Dawa hiyo ilitakiwa kukaa kwenye baridi. Frigo ilikuwa kliniki ya wazungu. Hospitali ya weusi haikuwa na frigo. Kwa hiyo Isidore aliambiwa aende kliniki, si kwa mlango wa mbele, bali nyuma, kwenye dirisha dogo karibu na mahali pa kufulia mashuka. Asimame hapo. Dirisha likifunguliwa, anyooshe mkono, achomwe, aende kazini. Lisipofunguliwa, aende kazini vilevile.

Na mara nyingi halikufunguliwa. Mara mhudumu yuko na mgonjwa mzungu. Mara ni sikukuu. Mara hakuna sababu, kimya tu, na ndani mtu anasikia vikombe vya kahawa. Mwanamume mwenye mke na mtoto, amevaa shati safi, anasimama kati ya mashuka yaliyolowa kungojea uhai wake. Halafu kengele ya ghala inalia, naye anaondoka bila dawa.

Hapo ndipo Euphrasie alipoanza kazi yake. Onema alimpa kichupa, taa, na chupa ya dawa ya buluu, akamfundisha kupima mwenyewe. Sukari akaiondoa nyumbani. Mkate akauondoa. Pombe ya mchikichi akaimwaga mbele ya mwenyewe, naye Isidore akamwangalia kama mtu anayeona nyumba yake ikiungua. Wali, ambao Kindu ni chakula chenyewe, aliupima kwa kopo la sardini: kopo moja, limesawazishwa kwa kisu, basi. Sahani iliyobaki aliijaza mboga za majani, sombe na lengalenga, maharagi, samaki wa mtoni.

"Minafanya kazi mu ghala ya mupunga," Isidore alilalamika, "na minakula mupunga kama ndege."

"Ndege wanaishi," alisema Euphrasie. "Kula, Baba Claire."

Sasa sikilizeni hili la sufu. Siku zile wanawake wa makarani walitakiwa kwenda shule ya akina mama, ambako mabibi wa kizungu waliwafundisha kufuma soksi za watoto na kupika keki. Euphrasie alikuwa wa kwanza darasani kwa keki. Alikuwa na mabonge ya sufu: buluu, kijani, njano, nyekundu, na nyeupe. Hakuwa na daftari, lakini sindano za kufuma alikuwa nazo. Basi kila siku, baada ya kupima, alifuma mstari mmoja wa rangi aliyoiona kwenye kichupa. Buluu, siku njema. Kijani, kuna kidogo. Njano, jihadhari. Nyekundu, hatari. Na asubuhi ambayo dirisha halikufunguliwa, kabla ya mstari wa siku hiyo alipitisha uzi mmoja mweupe.

Bibi wa darasani alipouliza soksi iko wapi, Euphrasie alijibu kwamba anafuma mshipi mrefu wa mume wake. Hakusema uongo.

Mtu atauliza: kwa nini Isidore asipite mbele? Kulikuwa na kadi. Serikali iliwapa weusi wachache kadi ya kuonyesha kwamba wamestaarabika. Na watu walisema mwenye kadi anapokelewa kliniki kwa mlango wa mbele. Isidore aliiomba. Si kwa majivuno, ingawa shati lake lilipigwa pasi mara mbili. Aliiomba kwa sababu ya lile dirisha.

Ili upewe kadi, tume ilikuja nyumbani kwako. Walitazama kitanda. Walihesabu uma. Walifungua mlango wa choo. Nasema tena: walifungua mlango wa choo cha mtu mzima, wakachungulia, wakaandika.

Rafiki wa nyumba, Ferdinand, alikuwa nayo kadi. Akaja kuwafundisha.

"Shemeji, minakuambia kama ndugu. Muzungu akikosa sukari juu ya meza, anaandika. Akikosa keki, anaandika. Na bwana yako akule nao. Mimi siagi yao inanitapisha, lakini wakikuja minakula, minacheka."

"Isidore hatakula," alisema Euphrasie.

"Unataka kumunyima bwana yako kadi?"

"Minataka kumunyima kaburi."

Ferdinand alikuna kichwa. "Kipande kimoja tu, shemeji."

Isidore naye akaingia: "Kweli, Mama Claire. Kipande kimoja."

"Kimoja kwa nani? Kwa weye ao kwa wao?"

Walikubaliana nusu. Keki itapikwa, sukari itawekwa mezani, lakini kwa wageni tu.

Wageni walikuja mwezi wa nane, wazungu wawili. Siku hiyo dirisha lilikuwa halijafunguliwa kwa asubuhi mbili. Mkubwa wao alikuwa mwembamba, na daftari nene. Alikula vipande viwili vya keki, akavisifu. Halafu akaona sahani ya mwenye nyumba ni tupu, na chai yake haina sukari. Akauliza kwa nini. Isidore akajibu kwa Kifaransa chake kizuri kwamba daktari amemkataza, ana ugonjwa wa sukari.

Yule mkubwa akacheka. Maneno ya mzungu huyo Isidore aliyarudia mpaka alipokufa, kwa hiyo na mimi nayarudia: "Huo ni ugonjwa wa watu waliokaa mezani vizazi vingi. Wewe umeketi juzi."

Euphrasie hakuelewa maneno. Aliuelewa uso wa mume wake.

"Anasema nini?"

Isidore akamtafsiria, polepole, akiangalia kitambaa cha meza.

Adèle alikuwa amesimama mlangoni na birika. Ametuambia hivi: "Dada yangu hakukasirika kwa kelele. Alisogeza vikombe kama mutu anayetandika kitanda. Akaleta taa ya spiriti. Akaleta chupa ya mukojo ya asubuhi ile, alikuwa hajaipima bado. Mimi nilitamani ardhi inimeze."

Akawasha taa kati ya sahani. Akahesabu matone manane kwa sauti, kwa Kiswahili. Dawa ikachemka mbele ya keki. Kijani. Njano. Nyekundu ya tofali. Euphrasie akakinyanyua kile kichupa kwa kitambaa, akakisimika katikati ya bakuli la sukari, mbele ya yule mkubwa. Akaketi, akakunja mikono.

"Mwambie atazame," alimwambia mume wake. "Sisi tumeketi juzi, lakini ugonjwa haukungoja."

Wageni walichukua kofia zao.

Majibu yalikuja baada ya siku kumi na tano. Mume ana bidii. Nyumba ni safi. Mke hana adabu ya mezani. Ombi limekataliwa.

Wasikilizaji wapendwa, mimi nimeishi miaka mingi, nimesoma shule ya jioni nikiwa na ndevu, na bado neno hilo linanikaa kooni. Adabu ya mezani. Mtu aliyekuja kwako kuchungulia choo anakwambia huna adabu.

Juma lililofuata dirisha lilifungwa asubuhi nne. Asubuhi nne mfululizo. Siku ya nne Isidore alianguka ghalani, kati ya magunia, pumzi yake ikinukia kama matunda yaliyovunda. Wabebaji walewale waliomcheka walimpakia kwenye mkokoteni wa mpunga, wakakimbia naye kwa Onema. Onema alikwenda kliniki mwenyewe, akapiga lile dirisha kwa ngumi mpaka likafunguliwa. Isidore akachomwa, akazinduka, kwa bahati na kwa ngumi ya Onema.

Alipoweza kusema, alisema: "Tutaomba kadi tena mwaka ujao."

"Mwaka ujao weye utakuwa wapi?" Euphrasie alimwuliza.

Ndipo mkewe akaomba karatasi.

Nitawaambia sasa jinsi ilivyokwisha, maana barua yenyewe naiweka mwisho, mahali pake pa heshima. Jibu la maandishi halikuja kamwe. Lakini baada ya majuma saba Onema alikabidhiwa sanduku dogo lenye chupa za insulini na sindano, na agizo fupi: kwa mke wa karani. Hakuna pole. Hakuna maelezo. Euphrasie alizika mtungi nusu kwenye mchanga uliolowa, kivulini mwa nyumba, akaziweka chupa ndani. Zikakaa baridi. Onema alimfundisha kuchoma. Kila mara sanduku likaja, na Isidore akaishi miaka kumi na tisa mingine, kwa miguu yake yote miwili. Aliuona uhuru. Alimwoza Claire.

Maana yake ni nini? Maana yake iliwezekana. Tangu siku ya kwanza iliwezekana. Hapakuwa na sheria iliyozuia, wala gharama ya kutisha. Palikuwa na dirisha, na mtu ndani aliyezoea kulifunga. Hasira yangu iko hapo, wala sitaki ipoe.

Kwa Claire, kwa Mama Adèle, kwa wajukuu na vitukuu, kituo hiki kinawapa pole. Mmempoteza mama, nasi tumempoteza mtu aliyejua kuhesabu. Na wewe unayesikiliza, ambaye daktari amekuambia jana kwamba damu yako ina sukari, ukatoka umeinama: usione aibu. Pima. Punguza kopo. Fuata dawa yako. Na anayesimama nyuma ya dirisha lolote leo, mwenye ufunguo, ajiulize kuna nani nje.

Sasa barua. Isidore alitaka kuiandika yeye. Euphrasie alikataa.

"Kifaransa chako kitaanza kuomba radhi," alimwambia.

Akaandika kwa Kiswahili, mezani pale pale, kwa mganga mkuu wa jimbo, Bukavu. Adèle aliishika kwa moyo:

"Bwana Mganga Mkuu. Mimi ni mke wa Isidore Kalume, karani, Kindu. Siombi kadi. Ndani ya bahasha kuna kazi ya mikono yangu. Kila mstari ni siku moja ya mume wangu. Buluu ni siku njema. Nyekundu ni siku ya hatari. Tafuta nyekundu, kisha tazama kabla yake: utaona uzi mweupe. Uzi mweupe ni asubuhi ambayo dirisha lenu halikufunguliwa. Dawa ni yake, aliandikiwa na daktari wenu. Naomba iletwe hospitali yetu, itolewe mkononi mwangu. Baridi nitaitafuta mimi. Euphrasie."

Ule mshipi wa sufu aliukata katikati kwa kile kisu cha kusawazishia kopo la sardini. Nusu ya kwanza aliibakiza. Ndiyo Adèle aliyoileta hapa, imepauka, lakini rangi bado zinasomeka. Nusu ya pili, yenye nyuzi nyeupe nyingi, aliikunja ndani ya barua.

Gundi hakuwa nayo. Akachukua kidole cha ugali wa muhogo wa mchana, akauponda na maji ya moto mpaka ukanata, akaupaka ukingoni mwa bahasha, akaukandamiza kwa kiganja akihesabu mpaka mia.

Posta, karani Mbaraka aliipokea, akaibonyeza kwa kidole gumba.

"Mama, mu hii barua iko nini? Inalainika kama nguo."

"Iko miezi ya bwana yangu."

"Miezi gani?"

"Ile aliyongojea. Piga muhuri, Mbaraka."

Mbaraka akamtazama, akaitazama bahasha, akapiga muhuri. Halafu akaipiga tena, kwa nguvu zaidi, akaitupa kwenye mfuko wa Bukavu.