Mama Kina na Sakafu ya Bonde Lake

Dada yetu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 9 Juni 1957, mtoto wa pili wa fundi saa na mshonaji, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli. Akiwa na miaka sita alibandua vigae viwili vya jikoni. Mama alipomuuliza, alijibu, "Naangalia tu kuna nini chini. Nitarudisha." Aliyerudisha ni Baba.

Alisoma shule ya msingi ya stesheni, kisha sekondari ya wasichana, na mwaka 1981 akahitimu fizikia chuo kikuu, mwanamke pekee darasani. Mwaka uliofuata aliajiriwa na idara ya jiolojia.

Kazi yake ilikuwa kutambua umbo la mabonde ya mashapo, yaani mahali ambapo mchanga na matope vilijilundika kwa mamilioni ya miaka mpaka vikawa miamba. Huko chini hakuna aendaye kuchungulia. Alipima mvutano wa dunia, akasikiliza mitetemo ipitayo ndani ya miamba, kisha akachora kilichofichika. Bonde moja lilimchukua miaka kumi na tisa. Alisema sakafu yake iko mita elfu sita na mia mbili chini. Wenzake walisema haifiki hata elfu tano na nusu, wakambatiza Mama Kina. Naye aliwajibu, "Wakichimba tutaonana."

Vipimo vya chombo cha kupimia mvutano hubadilikabadilika vyenyewe mchana kutwa, hivyo mpimaji huanza asubuhi mahali pamoja na jioni hurudi hapo hapo kulinganisha. Mwaka 1984 mahali hapo palikuwa ngazi ya posta. Karani wa posta, alipomwona binti akija asubuhi na jioni kuinama mlangoni pake, aliamini kapendwa. Siku ya tisa alivaa tai, akampelekea chai. Dada aliinywa, akamwomba asogee kidogo kwa kuwa nyayo zake zilikuwa zikitikisa chombo. Walifunga ndoa tarehe 17 Agosti 1985. Shemeji aliambiwa baada ya harusi kwamba Dada alikuwa akiifuata ngazi, si yeye, akasema, "Maji yakimwagika hayazoleki."

Februari 2023 Dada aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Mwezi huo huo kampuni moja ilianza kuchimba kisima cha kutafuta mafuta katika bonde lake, na kila asubuhi aliulizia kisima kabla ya dawa. Septemba mkuu wa idara alimkabidhi shemeji bahasha. Mtambo ulikuwa umegonga mwamba wa sakafu kwenye mita elfu tano na mia tatu. Dada alikuwa amekosea kwa mita mia tisa.

Ni mimi, kitinda mimba wetu, niliyesema tumfiche habari hiyo ili aondoke na furaha yake. Najuta.

Siku tatu shemeji alikaa kando ya kitanda na koti lake, joto lote lile. Siku ya nne Dada akamwambia, "Mume wangu, toa hicho kilichomo mfukoni. Kudanganya hujui, usianze uzeeni."

Alisoma mara mbili. Machozi yalimtoka. Nilipoanza kumwomba radhi alininyamazisha kwa mkono, akataka penseli na mchoro wake. Aliikata kwa mstari mmoja ile sakafu ya miaka kumi na tisa, akachora nyingine juu yake, akaandika tarehe.

"Mlitaka nife sijui?" akaniuliza. Kisha akautazama mchoro. "Kumbe ndivyo lilivyo. Zuri."

Alifariki asubuhi ya tarehe 2 Oktoba 2023, mkono wake ukiwa mkononi mwa shemeji. Ameacha mume, binti muuguzi, mwana mwalimu, wajukuu watatu na sisi ndugu zake wanne. Mchoro umo ukurasa wa nyuma wa kijitabu hiki. Aliagiza uchapwe kama ulivyo, na kosa lake lionekane.

Pumzika kwa amani, Dada.