Théogène Ndayisaba, Mtu wa Kikapu cha Juu (1921–1958)

Marehemu Théogène Ndayisaba alizaliwa Nyundo tarehe 14 Machi 1921, mtoto wa kwanza wa Mama Nyirahabimana. Mdogo wake, Bizimana, ndiye aliyeandika wasifu huu na ndiye anayeusoma.

Alisoma shule ya misheni hapo Nyundo kuanzia 1930 hadi 1935. Hesabu alizipenda. Nyimbo zilimshinda kabisa, hata padri akamwomba kwa upole awe anafungua mdomo tu bila kutoa sauti.

Mwaka 1949 aliajiriwa na mjenzi mmoja wa nyumba za kando ya ziwa, hapa Gisenyi. Miaka mitatu baadaye mjenzi huyo alileta kreni ndogo ya magurudumu, yenye kikapu cha chuma cha kumpandisha mtu mmoja hadi paani. Wenzake walikikwepa kikapu kile. Théogène aliingia, na Bizimana akapewa kuzungusha manivela huku chini, ule mkono wa chuma wa kukipandisha na kukishusha. Siku ya kwanza marehemu aligoma kushuka. Alikaa juu akitangaza nani anapika nini mtaani, mpaka alipomwona mkewe anakuja na viazi vyake. Miaka mitano alipaka rangi na kupigilia mabati huko juu, na sharti lake lilikuwa moja: "Bizimana, ukiwa kwa manivela, salimia watu na kinywa tu. Ile mikono ni yangu."

Mkewe ni Languida Mukandutiye, aliyefunga naye ndoa Nyundo tarehe 4 Agosti 1945. Walijaliwa watoto watatu.

Jumanne, 11 Juni 1957, Théogène akiwa juu anapaka rangi, alifika mzee Bimenyimana kutoka Mudende, baba wa msichana ambaye Bizimana alikuwa anamchumbia. Mzee alinyoosha mkono. Kumpa baba mkwe mkono mmoja ni kumdharau. Bizimana alijiambia kwamba kile kijino cha chuma kinachozuia gurudumu la manivela lisirudi nyuma kimeshika. Akaachia manivela, akampa mzee mikono yote miwili. Kijino hakikuwa kimeshika.

Marehemu alivunjika nyonga na mbavu. Bwana wa kazi alipokuja hospitalini kuuliza, marehemu alimjibu: "Ni mi nilimuambia ashushe mbio." Bizimana alikuwa amesimama pale pale kando ya kitanda. Karibu miezi minane Languida alimlaumu mumewe kwa haraka zake, na mume akakubali kulaumiwa. Bizimana aliendelea kula katika nyumba ile. Mwishowe kifua kilimzidi marehemu, akafariki Jumatatu, 3 Februari 1958, saa nne asubuhi.

Basi Languida ajue leo, mbele ya watu wote, kwamba mumewe hakuwa na haraka. Aliangushwa na mdogo wake, halafu akamficha aliyemwangusha.

Ameacha mama yake, mjane wake, watoto Donatille, Uwimana na Twagirimana, na ndugu yake Bizimana. Languida akimruhusu, Bizimana atashika kamba ya kushushia sanduku, ya upande wa kichwa. Akimkatalia, atasimama nyuma ya watu. Wanaotaka kumpa mkono wa pole wangoje mpaka sanduku litulie chini. Kabla ya hapo atawasalimu kwa kinywa.

Apumzike kwa amani Théogène, ashushwe polepole.